Kuweka fremu ya kitenge kwenye picha za slaidi, hatua kwa hatua

Binamu yangu alipokaribia sendofu yake mi ndo nilikabidhiwa kazi ya kuandaa picha za kurusha ukutani, zile za kuanzia yuko mgongoni kwa mama yake mpaka anavaa joho la chuo, na nilipomaliza slaidi za kwanza nikabeba laptopu mpaka nyumbani kwa shangazi kule Mwanga azione. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akavaa miwani, akaangalia picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Afu akaniambia, "Mwanangu, picha ni nzuri, ila mbona zimekaa kama zimeanikwa? Hazina pindo."

Na alikuwa sahihi kabisa. Slaidi zangu zilikuwa nyeupe, picha za nje anga limeungua limekuwa jeupe, picha za ndani ukuta mweupe, kwa hiyo jicho halijui picha inaishia wapi na slaidi inaanzia wapi. Fremu kazi yake ya kwanza ni hiyo, kuonyesha picha inapoishia, urembo unakuja baadaye. Mwishoni nilitumia kitenge cha shangazi mwenyewe kama fremu na watu wa hapa Kigoma wameniuliza sana nilifanyaje, wengine walimu, wengine wanaoandaa harusi na arobaini, basi naandika yote kuanzia mwanzo. Mi natumia PowerPoint ya kwenye kompyuta, menyu nazitaja kwa majina yake ya Kiingereza kwa sababu ndivyo zinavyoonekana kwenye mashine nyingi huku kwetu.

Kata picha kwanza

Usianze na fremu, anza na picha. Ukiwa na picha moja ndefu, nyingine pana, nyingine imeungwaungwa na WhatsApp ina mistari myeusi juu na chini, fremu itazidi kuonyesha fujo hiyo badala ya kuificha. Kliki picha, juu itatokea menyu ya Picture Format (kwenye matoleo ya zamani imeandikwa Format tu), nenda upande wa kulia kwenye Crop, bonyeza kale kamshale ka chini yake, chagua Aspect Ratio, afu 4:3 kwa picha za kulala na 3:4 kwa za kusimama. Sogeza picha ndani ya kile kiboksi mpaka sura ya mtu ikae vizuri, kliki nje, umemaliza. Zifanye zote hivyo hivyo hata kama zipo arobaini, ni kazi ya nusu saa na itakuokoa mbele ya safari, utaona.

Ukitaka kukuza au kupunguza picha shika kona, usishike ubavu. Ukivuta ubavu watu wananenepa au wanarefuka, na shangazi yeyote ataligundua hilo kabla hujageuka.

Mstari wa kawaida

Hii ndo njia fupi na kwa kazi za ofisini au darasani inatosha kabisa. Kliki picha, Picture Format, Picture Border. Chagua rangi. Rudi tena hapo hapo Picture Border, shuka kwenye Weight uchague unene, na kama unataka vidotidoti ipo Dashes. Basi.

Ila kwenye rangi usikimbilie nyeusi. Kuna kitu hapo hapo kwenye Picture Border kinaitwa Eyedropper, kina alama ya kile kibomba cha kudondoshea dawa, ukikichagua mausi inageuka kibomba, ukaenda ukakliki sehemu yoyote ya picha na fremu inachukua rangi ile ile ya hapo ulipogusa. Nilikuwa na picha ya binamu yangu sokoni Kibirizi amesimama karibu na meza yenye chupa za mawese, zimepangwa mstari, jua limepita katikati ya zile chupa, rangi ile ya chungwa inayoelekea nyekundu. Nikadondosha kibomba kwenye chupa moja. Fremu ikawa ya mawese na picha nzima ikatulia, kwa sababu rangi ya pembeni na rangi ya ndani zinafahamiana. Jaribu pia kuchukua rangi ya nguo ya mtu mwenyewe au ya maji ya ziwa, ila usichukue rangi ya ngozi, inafanya fremu ionekane kama imechafuka.

Pembeni ya Picture Border kuna zile Picture Styles, fremu zilizokwisha tengenezwa, zenye vivuli na kona za duara na nyingine zimelala upande. Mi huwa natumia mbili tu, Simple Frame White na Thick Matte Black. Zile za kung'aa kama bati na zile zinazopindisha picha naziacha, picha moja ukiipindisha inapendeza lakini ukipindisha kumi mfululizo wageni wanainamisha shingo ukumbi mzima.

Ukiweka mstari mnene na ukaona kona zimekuwa za duara wakati unataka kali, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha, Format Picture, nenda palipo na kopo la rangi, fungua Line, shuka mpaka Join type uweke Miter. Hapo hapo kuna Compound type, ndo mistari miwili au mitatu inayokwenda sambamba, mmoja mnene mmoja mwembamba, hiyo kwa vyeti na picha za wazee inakaa kwa heshima sana.

Unene gani?

Hapa ndo nilipokosea mara ya kwanza. Niliweka mstari wa dhahabu wa pointi robo tatu (pointi ndo kipimo cha unene kwenye ile Weight), kwenye laptopu unaonekana mzuri kama uzi wa hariri, siku mbili kabla ya sherehe tukaenda ukumbini kujaribu projekta na nikasimama nyuma kabisa wanapokaa wageni wa mwisho, fremu haipo. Imeliwa na mwanga yote.

Hesabu yake ni hii na ukiijua hutarudia kosa. Slaidi ya kisasa ile pana ya 16:9 ina upana wa pointi 960. Ukiirusha kwenye kitambaa au ukuta wenye upana wa mita 2, yaani milimita 2000, kila pointi moja inakuwa kama milimita 2 ukutani. Robo tatu ya pointi ni milimita moja na nusu, nani ataiona kutoka mita kumi na tano? Pointi 3 ni milimita 6, hiyo inaonekana. Pointi 4 na nusu ni milimita 9, hiyo ndo mi naitumia kwa ukumbi. Pointi 6 kwenda juu ni fremu ya kweli. Kwa hiyo pima kwanza ukuta, gawanya kwa 960, zidisha kwa pointi zako. Kama projekta ni ya zamani na slaidi umeweka 4:3 basi upana ni pointi 720, hesabu ni ile ile.

Na rangi za kufifia kama krimu, njano changa na dhahabu ziogope mchana, hasa darasa lenye madirisha makubwa yasiyo na pazia. Mchana tumia slaidi nyeupe na fremu nzito ya rangi iliyokolea. Usiku ukumbini slaidi nyeusi au ya bluu nzito na fremu nyeupe, inawaka.

Fremu ya kitenge sasa

Hapa ndo penyewe. Watu wengi wanaenda mtandaoni kutafuta fremu za maua, wanamaliza bando, wanapata maua ya waridi yenye herufi za watu wengine kwenye kona, wakati ndani ya kabati pana nguo zenye nakshi nzuri kuliko hizo zote. Na nguo ina maana kwa wenye sherehe. Kile kitenge nilichotumia, cha duara ndogo za bluu na njano, shangazi alikivaa siku binamu yangu anaanza darasa la kwanza, na kipo kwenye picha yenyewe.

Kwanza kitenge kipigwe pasi, usiruke hili, mkunjo mmoja ukishaingia kwenye fremu unajirudia kila baada ya sentimita chache na huwezi kuutoa. Kining'inize kivulini, mi nilikitundika kwenye mlango wa uani saa mbili asubuhi kabla jua halijageuka, nikakivuta chini kwa vibanio viwili. Usitumie mwanga wa flashi ya simu kwa sababu vitenge vipya vina ule mng'ao kama wa nta na utapata doa jeupe katikati. Simama usawa wa kitambaa, simu isiinamie juu wala chini, piga eneo dogo tu, kama sahani ya chakula hivi. Nakshi ndogo ndo zinafaa. Kitenge chenye ndege wakubwa au miavuli fremu itakata, utabaki na bawa huku na mguu kule, hakisomeki.

Hamishia picha hiyo kwenye kompyuta. Kwa kitambaa hata ukijitumia WhatsApp kawaida haina shida, inapunguza ukubwa na hiyo inakusaidia, ila picha za watu ziombe zitumwe kama dokumenti ili zisipoteze ubora.

Sasa kwenye slaidi yenye picha uliyokwisha kata, nenda Insert, Shapes, kwenye kundi la Basic Shapes tafuta umbo linaitwa Frame, lile la boksi lenye tundu katikati. Lichore juu ya picha likiwa kubwa kidogo kuliko picha. Utaona kidoti cha njano juu upande wa kushoto, kivute ndani au nje, hicho ndo kinaamua upana wa fremu, hakikisha ukingo wa ndani unapanda kidogo juu ya picha ili kusibaki upenyo.

Bonyeza kitufe cha kulia juu ya fremu, Format Shape, Fill, chagua Picture or texture fill, afu Insert ulete picha ya kitenge. Mara ya kwanza kitenge kitavutwa kifunike umbo zima na nakshi zitakuwa kubwa kama za zulia, usikate tamaa, shuka chini weka tiki kwenye Tile picture as texture. Zitafunguka namba za Scale X na Scale Y, zote mbili ziwe sawa, mi niliweka 30, we cheza nazo mpaka duara tatu au nne ziingie kwenye upana wa fremu. Ukiona mahali vipande vinapokutana pana mstari kama mshono mbaya, hapo chini kuna Mirror type, weka Both, kila kipande kinageuzwa kikutane na mwenzake uso kwa uso na mshono unapotea. Hii niliigundua saa sita usiku na nilifurahi kweli.

Bado kitu kimoja. Nakshi za kitenge na nguo za watu kwenye picha zinagombana, hasa kama na wao wamevaa vitenge. Kliki fremu, Shape Format, Shape Outline, nyeupe, pointi 2¼. Ule mstari mweupe unapita pembeni na ndani ya tundu, unatenganisha kitambaa na picha, sura za watu zinapumua.

Halafu chagua picha na fremu kwa pamoja ukishikilia Shift, bonyeza Ctrl na G, vimekuwa kitu kimoja, ukisogeza vinakwenda pamoja.

Kama una khanga badala ya kitenge kazi ni nyepesi zaidi maana khanga yenyewe ni fremu tayari, ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati na jina lake chini ya mji. Tandika khanga nzima chini, panda kwenye kiti uipige kutoka juu ikiwa imenyooka, iweke kwenye slaidi, afu picha yako ilaze juu ya mji ukiacha pindo lote nje. Ukiacha na nafasi ya jina lisomeke chini ya picha inakuwa kama khanga imemsemea mtu, lakini soma jina vizuri kwanza kabla hujaliweka mbele ya wakwe, majina mengine ya khanga ni vijembe.

Na upana wa fremu yoyote uuige hapo, angalia khanga, pindo halijawahi kushinda mji.

Picha za zamani

Picha za studio za zamani, zile nyeusi na nyeupe zenye ukingo mweupe, usizikate ukingo wake, ndo fremu yake ya asili. Zipige kivulini bila flashi, ziache na ule weupe hata kama umekuwa wa chai, weka slaidi ya rangi nzito nyuma, na mstari mwembamba wa kijivu wa pointi 1½ kuzunguka. Kitenge hapa hapana, kinaifunika picha ya babu.

Mwalimu mmoja aliniletea slaidi za historia ya mkoa wetu, ana picha za Ujiji na za meli ya Liemba, akataka ziwe na fremu kama picha za kuchapwa zenye nafasi pana chini ya kuandikia. Hiyo unachora boksi jeupe nyuma ya picha, pembeni na juu liache kidogo, chini liache pana mara tatu, afu unaweka maandishi pale. Lakini angalia unachoandika. Yeye aliandika 1915 chini ya picha ya Liemba ya rangi, imepigwa kwa simu. 1915 ndo mwaka meli iliposhushwa majini hapa Kigoma, ilijengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Ukiweka mwaka ndani ya fremu mwanafunzi anaamini ndo mwaka wa picha. Tukabadilisha ikawa "Liemba, meli iliyoshushwa majini 1915", ikawa sawa.

Ukiwa na slaidi nyingi

Kwa mistari ya kawaida usirudie kila picha. Kliki picha yenye fremu uliyoipenda, nenda Home, gonga mara mbili ile brashi ya Format Painter, afu kliki picha nyingine moja baada ya nyingine, zote zinavaa, ukimaliza bonyeza Esc.

Kwa kitenge, kopi lile kundi la picha na fremu ulipesti kwenye slaidi inayofuata, litakaa mahali pale pale. Kliki picha ya ndani mara mbili mpaka ichaguliwe yenyewe, kitufe cha kulia, Change Picture, weka picha mpya. Na hapa ndo unaona faida ya kuzikata zote 4:3 mapema, ila zile ulizokata ndani ya PowerPoint zisevu kwanza kwa kitufe cha kulia, Save as Picture, ndo utumie hizo, vinginevyo itakuja picha nzima isiyokatwa na italeta vurugu kwenye tundu.

Wenye kazi ya kila wiki watumie Slide Master, yaani muundo mama ambao slaidi zote zinaufuata. View, Slide Master, Insert Layout, afu Insert Placeholder uchague Picture, chora nafasi, ipe mstari na rangi yako, Close Master View. Toka hapo kila ukifungua slaidi mpya ya muundo huo unagusa alama ya katikati, picha inaingia, inajikata na kuvaa fremu. Ukitaka kitenge humo kumbuka kilichowekwa kwenye Layout kinakaa nyuma ya picha, sio mbele, kwa hiyo tundu la fremu liwe dogo kidogo kuliko nafasi ya picha.

Wa Google Slides, kliki picha na juu utaona alama ya kalamu ni rangi ya mstari, ya mistari minene na myembamba ni unene, na vidoti. Umbo lake huwezi kulijaza kitenge, basi weka picha ya kitenge yenyewe nyuma, kubwa kidogo kuliko picha yako. Kwenye simu ukigusa picha menyu yake inatokea na mstari wa kawaida unawekeka, ila kitenge subiri upate kompyuta.

Kabla hujabeba faili kwenye flashi diski

Kliki picha yoyote, Picture Format, Compress Pictures. Toa tiki kwenye Apply only to this picture ili zipungue zote, acha tiki kwenye Delete cropped areas, chagua 150 ppi, kwa projekta inatosha. Faili langu la picha 42 lilikuwa halifunguki bila kusubiri, baada ya hapo likawa jepesi. Ila fanya kwenye kopi, ile ya mwanzo ibaki, maana ukishafuta vilivyokatwa havirudi.

Nenda ukumbini na mapema, rusha slaidi tatu tu, moja ya mchana, moja ya ndani, moja ya zamani, afu tembea mpaka kiti cha mwisho uangalie kutoka pale. Fremu ikionekana kutoka hapo, sevu. Kitenge mrudishie shangazi kikiwa kimekunjwa.